Uhaba uingizwe ukumbini: barua ya wazi kwa waheshimiwa wa Rochester

Kwa Kamati ya Uteuzi,
Ukumbi wa Taifa wa Umaarufu wa Vichezeo,
Jumba la Makumbusho la Strong,
Rochester, New York, Marekani.

Ndugu Wajumbe,

YAH: PENDEKEZO LA KUUPOKEA UHABA WA MAKUSUDI KATIKA UKUMBI WENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tangu mwaka 1998 Ukumbi huu umekuwa ukivitunuku vichezeo vilivyotawala utoto wa watu, na katika kazi hiyo mmeonyesha ujasiri wa pekee. Mwaka 2005 mlilipokea boksi tupu la kadibodi. Mwaka 2008 mkakipokea kijiti. Blanketi likafuata mwaka 2011, na mwaka 2021 mkaufungulia mlango mchanga. (Huku kwetu, ambako watoto huunda magari kwa waya na kukata magurudumu kwenye kandambili zilizochakaa, kijiti hakikumshangaza mtu, ajabu ni kwamba Barbie alikitangulia kwa miaka 10.) Kamati iliyoukubali mchanga haiwezi kumkataa mgombea wangu kwa hoja kwamba hana magurudumu wala sura. Mgombea huyo ni uhaba wa makusudi, yaani ule ustadi wa kampuni yenye uwezo wa kutoa vichezeo milioni kuamua kutoa vichache, au kutoa hiyo milioni na kuigawa kwa namna ambayo kila mnunuzi ataamini kuwa amekosa. Kwa nusu karne sasa hakuna kichezeo kilichochezewa kuliko hiki. Tofauti yake na vingine ni kwamba anayecheza ni kampuni, na mkusanyaji ndiye mdoli.

Masharti yenu yanataka kichezeo kiwe maarufu, kiwe kimedumu, kifundishe kitu na kiwe kimebadilisha uchezaji. Kudumu hakuna shida. Krismasi ya mwaka 1977, kampuni ya Kenner ya Cincinnati ilikuwa na haki ya kutengeneza vichezeo vya filamu ya Star Wars lakini haikuwa na vichezeo vyenyewe, maana filamu ilivuma kabla kiwanda hakijajipanga. Ikauza bahasha ya kadibodi yenye cheti, mtoto akitume kwa posta na kusubiri sanamu nne mwaka uliofuata. Huo ulikuwa uhaba wa kweli, uhaba wa watu waliozidiwa na kazi, na ninautaja kwa heshima kama anavyotajwa babu mwaminifu wa ukoo uliokuja kuharibika. Waliofuata walijifunza jambo jingine: kwamba mtu yuko tayari kulipa ili asikose hata kitu ambacho jana hakukihitaji. Mwaka 1995 Mattel walianza kuchanganya katika magari yao ya Hot Wheels, yale ya kama dola moja, magari 12 ya msururu wa Treasure Hunt, kila aina ikitolewa kwa idadi ya 10,000 tu. Miaka hiyohiyo Ty Warner alikuwa akiwastaafisha wanyama wake wa kitambaa, Beanie Babies, mmoja baada ya mwingine, na wanunuzi wakikimbilia madukani kuwawahi. Mwaka 1999, mjini Las Vegas, mume na mke waliokuwa wakiachana walichuchumaa kwenye sakafu ya mahakama wakigawana wanyama hao mmoja mmoja mbele ya hakimu. Mwaka huohuo kampuni ya Warner ilitangaza kwamba wote watastaafu ifikapo 31 Desemba, ikatoa dubu mweusi aliyeitwa The End, kisha ikawaita watu wapige kura, senti 50 kwa kura, kuamua kama uzalishaji uendelee. Fedha zilikwenda kwenye hisani, na zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura wakataka uendelee. Ukaendelea. Kilichogoma kuendelea ni bei, na pamoja na bei ile hamu iliyowafanya watu wazima wagombane juu ya dubu wa kitambaa.

Kwenye elimu ndipo mgombea wangu anapowaacha wenzake mbali. Sijui kichezeo kilichowafundisha watu wazima hesabu za uwezekano kwa gharama kubwa kama kisanduku kilichofungwa cha Pop Mart, kampuni iliyoanzishwa Beijing mwaka 2010. Chukueni msururu wa midoli 12 tofauti, yote ikiwa na nafasi sawa ya kutokea, kila mmoja ndani ya kisanduku kisichoonyesha kilichomo. Anayenunua kimoja kimoja mpaka aipate yote atahitaji, kwa wastani, visanduku 37. Mdoli wa kwanza ni wa uhakika na wa pili ni karibu uhakika, lakini ule wa mwisho peke yake hula visanduku 12 kwa wastani, karibu theluthi ya safari nzima, na kabla haujatokea, vyote vinavyofunguliwa huleta sura ambazo tayari zimekaa rafuni. Yaani kadiri mtu anavyokaribia kumaliza, ndivyo anavyolipa zaidi na kufurahi kidogo zaidi. Sasa ongezeni mdoli wa siri. Katika msururu wa mwaka 2025 wa Labubu, mdoli wa Pop Mart mwenye meno, ulioitwa Big into Energy, siri ni 1 kati ya 72. Mtu akifungua visanduku 50, nafasi yake ya kuwa ameipata ni nusu kwa nusu. China, nchi isiyojulikana kwa ulegevu, ilitoa mwongozo mwaka 2023 wa kuzuia visanduku vya namna hii visiuzwe kwa watoto walio chini ya miaka 8. Mwenye miaka 9 huhitaji ridhaa ya mzazi. Mwenye miaka 39 haombi ridhaa ya mtu, na ndiye mteja.

Mjanja mmoja kamatini atauliza kwa nini mtu huyu asinunue katoni nzima, ambamo sura hazijirudii. Anaweza. Atalipa mara moja, atapanga midoli yake rafuni, na kabla ya chakula cha usiku atakuwa hana la kutafuta. Swali hilo linatufikisha kwenye kiini cha pendekezo hili. Watu hujiuliza kwa nini mkusanyaji wa vichezeo aliyekuwa akikesha kwa ajili ya kitu fulani huamka siku moja hana habari nacho, na majibu yanayotolewa humtupia yeye lawama: amekua, amekinai, amepata mchumba. Mimi nasema amenyang'anywa kazi yake. Kukusanya ni mwendo kati ya kitu ulichonacho na kile unachokitafuta, na mwendo huo una ladha pale tu ambapo mwisho unaonekana na juhudi ya mtafutaji ina uzito. Mkusanyaji wa zamani alijua duka gani la mji mdogo bado lina mzigo wa mwaka juzi. Alijua kutofautisha toleo na toleo kwa alama iliyo chini ya unyayo. Alibadilishana na wenzake, na kujua kwake kulimfaa kuliko pochi yake. Uhaba wa makusudi umefuta yote hayo. Mwisho husogezwa kila unapokaribiwa: mhusika wa kampuni ya Funko aliyekwisha kununuliwa hurudi akiwa anang'aa gizani, kisha akiwa na rangi ya dhahabu, kisha akiwa na stika ya duka moja tu, bila kumsahau yule adimu aitwaye Chase, anayewekwa 1 kati ya 6. Nako kujua hakumsaidii mtu kitu mbele ya kisanduku kilichofungwa, wala mbele ya mauzo ya mtandaoni yanayomalizika kabla kidole hakijagusa kitufe.

Kinachobaki ni hofu ya kukosa. Hofu hununua, tena haraka, na ndiyo maana wakurugenzi wanaipenda kuliko mapenzi ya kweli ambayo hukawia kuamua. Lakini mtu akitazama rafu iliyojaa vitu alivyovinunua ili asivikose, anachokiona pale ni orodha ya siku alizoogopa. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu hili lina tarehe zake. Mwaka 2018 kampuni ya Hasbro iliwataka wakusanyaji walipie kwanza jahazi la Jabba, mhusika wa Star Wars, ndipo litengenezwe: dola 499.99, watu wasiopungua 5,000, la sivyo mradi unafutwa. Wakajitokeza 8,810. Mwaka 2021 Hasbro wakaja na jitu la Rancor, la Star Wars pia, dola 349.99, kwa sharti la watu 9,000, na muda ukaisha 9,000 hawajatimia. Mnaweza kusema bei ilikuwa kubwa kwa kilichotolewa, nami sitabisha. Ila miaka mitatu kabla watu walilipa zaidi kwa furaha. Safari hii waliambiwa sasa hivi au basi, wakajibu: basi. Na mwaka 2023 Funko wakatangaza kwamba wangeuharibu mzigo wenye thamani ya dola milioni 30 hadi 36, kwa kuwa ghala lao la Arizona lilikuwa limejaa kupita kiasi. Naomba Kamati ilitazame tukio hilo kwa jicho la sanaa. Vitu adimu vilikuwa vingi mno hata vikakosa pa kulala.

Kuhusu umri, ambao najua utatajwa kikaoni: ni kweli watu huoa, huhama, hupandishiwa kodi ya nyumba, na chumba cha vichezeo hugeuka chumba cha mtoto. Lakini umri humkuta kila mtu kwa siku yake. Hauwezi kuwazeesha wanunuzi wa Beanie Babies wote kwa mpigo mara baada ya Krismasi ya 1999. Hamu inapokufa kwa mawimbi, chapa moja baada ya nyingine, kila mara nyuma ya kampeni ya uhaba, sababu itafutwe kiwandani kabla ya kutafutwa kwenye mvi. Tena siku hizi umri unawaleta watu kwenye vichezeo: kwa hesabu za kampuni ya Circana, robo ya kwanza ya mwaka 2024 ilikuwa mara ya kwanza Marekani kwa matumizi ya watu wazima kwenye vichezeo kuyapita ya watoto wa miaka 3 hadi 5.

Pingamizi lenye uzito ni jingine. Atasimama mjumbe msomi aseme kwamba bila uhaba hakuna ukusanyaji, na kwamba ninalalamikia maji kwa kuwa yana unyevu. Nakubali kwamba hakuna anayekusanya kisichokosekana. Ila tuangalie uhaba ambao wakusanyaji wenyewe wameuheshimu kwa muda mrefu. Mwaka 1978 Kenner walitoa sanamu ndogo ya Jawa, mhusika wa Star Wars, yenye joho la plastiki. Kwa kuwa ilionekana duni mbele ya wenzake wa bei ileile, wakaibadilishia joho la kitambaa, na zile chache za mwanzo zikabaki kuwa hazina. Walipanga pia kumtoa Boba Fett, mhusika mwingine wa Star Wars, anayerusha roketi mgongoni, wakaghairi kwa kuhofia usalama wa watoto, na sampuli moja ya mpango huo uliokufa iliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa dola 525,000. Hakuna kati ya hivyo kilichofanywa adimu ili kiwe adimu. Vilipungua kwa sababu watu walibadili mawazo, watoto walivunja, akina mama walitupa na miaka ilipita, na anayevitafuta leo anasoma historia ya kiwanda na ya nyumba za watu. Anayefukuzia toleo la nakala 500 lililopangwa kuwa nakala 500 anasoma nini? Anasoma kumbukumbu za kikao cha idara ya masoko.

Kisha kuna walanguzi, ambao kampuni huwalaani kila mkutano na waandishi wa habari. Kweli, ndio wanaozoa mzigo alfajiri na kuuuza jioni kwa bei mara tatu. Mei 2025 Pop Mart walisimamisha uuzaji wa Labubu katika maduka yao ya Uingereza baada ya foleni kugeuka ugomvi, na Juni yake Labubu mwenye kimo cha binadamu akapigwa mnada Beijing kwa yuan milioni 1.08. Lakini kampuni ilipozidisha uzalishaji, bei za walanguzi ziliteremka ndani ya miezi. Bomba lilikuwa mkononi mwa nani muda wote huo? Mlanguzi ni kibarua wa uhaba asiyelipwa mshahara: anapanga foleni, anatangaza bei, anatukanwa badala ya tajiri. Na bei ziliposhuka, wengi waliokuwa wakiapa kwa meno ya Labubu walipoa papo hapo, jambo linaloonyesha walikuwa wamependa nini hasa.

Kuhusu maonyesho yenyewe, nashauri chumba kimoja chenye kabati la kioo lisilo na kitu. Mlango ufunguliwe saa nne kamili asubuhi na kufungwa saa nne na dakika tatu. Tiketi ziuzwe zikiwa ndani ya bahasha zilizofungwa. 1 kati ya 72 imruhusu mwenyewe kuingia, na zilizobaki ziruhusu kutazama picha ya mlango, ambayo rangi yake itabadilishwa kila robo ya mwaka ili waliokwisha kuiona waje tena. Vielelezo msihangaike kununua. Wapo watu wengi wenye vyumba vilivyojaa visanduku ambavyo havijawahi kufunguliwa, nao hawataki fedha wala majina yao kuandikwa ukutani. Baadhi yao watalipia usafiri wenyewe, mradi Kamati iahidi kwa maandishi kwamba mzigo haurudishwi.

Wenu katika ujenzi wa rafu,

Mwandishi