Ombi la Debe Moja la Grisi

Kwa Waheshimiwa mnaopanga bajeti za bandari za maziwa,
Dodoma na Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA DEBE MOJA LA GRISI KWA AJILI YA BANDARI YA KIGOMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natambua kwamba ombi hili ni dogo kupita kiasi, na udogo huo ndio unaolitia hatarini. Ningeomba gati jipya la mabilioni, barua yangu ingepata jalada, kamati, upembuzi yakinifu na ziara ya mafunzo nje ya nchi. Debe la grisi haliwekewi jiwe la msingi, na hakuna msanifu atakayelichorea picha ya kubandikwa uwanja wa ndege. Mnivumilie basi nilitetee kwa historia na kwa hesabu, maana kwa sura haliwezi kushinda.

Historia yenyewe iko hapo hapo, katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli Graf von Götzen huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916, Wabelgiji wakiwa wanakaribia, Wajerumani wakaamua kuizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nzito, ili siku moja iweze kufufuliwa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ikabeba abiria, dagaa na wakimbizi kwa miongo mingi. Yaani, waheshimiwa, meli iliyokuwa inatoswa ilipata matunzo ambayo vyombo vingi vinavyoelea havijawahi kuyaonja. Hata jeshi lililokuwa linakimbia lilikuwa na kifungu cha grisi.

Siwatuhumu kwa uchoyo. Kinachotuponza ni namna daftari lilivyopigwa mistari. Bajeti zetu za umma zina matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo. Kupiga rangi nguzo za gati, kubadili nati, kumlipa mzamiaji akapime chuma chini ya maji, yote hayo yamewekwa kwenye kawaida, kapu moja na karatasi, chai na mafuta ya gari. Makusanyo yakishuka, wembe hupita hapo kwanza, kwa kuwa mshahara una mdai, mkopo wa nje una mdai, na mkandarasi ana wakili. Nguzo ya gati haina wakili. Ikioza kabisa, hata hivyo, hupandishwa cheo siku hiyo hiyo: inakuwa mradi wa maendeleo, inastahili mkopo, mshauri mwelekezi na mgeni rasmi. Kwa utaratibu huu kutu ndiyo mtumishi wa umma hodari kuliko wote. Inafanya kazi usiku na mchana, haidai posho, na matunda ya kazi yake huhesabiwa kuwa maendeleo.

Tuje kwenye hesabu. Mwaka 1984 mtaalamu wa zege W. R. de Sitter alieleza kanuni ya tano: shilingi moja uliyoibania wakati wa kujenga hudai tano ukichelewa hadi matunzo ya kinga, ishirini na tano ukisubiri uharibifu uanze kuonekana, na mia moja ishirini na tano ukingoja mpaka jengo likaribie kuanguka. Ni kanuni ya kukadiria tu, na mhandisi yeyote anaweza kubishana na tarakimu zake. Ikateni nusu, mwikate tena nusu. Bado hakuna benki duniani inayotoza riba ya namna hiyo. Na hilo ni deni kweli, ingawa halimo katika taarifa ya deni la taifa, halikuridhiwa na mtu yeyote, na aliyelikopa huwa amekwisha kuhamishwa kituo cha kazi linapoiva.

Najua majibu yatakayorudi. Moja litasema kwamba Tanganyika ni ziwa la maji baridi, chumvi haipo, chuma kitadumu. Katika bandari ya Duluth na Superior, kwenye Ziwa Superior huko Marekani, waliamini hivyo hivyo hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, ilipobainika kwamba mabamba ya chuma yanayoshikilia magati yameliwa mashimo kwa kasi ambayo maji baridi hayakutegemewa kuwa nayo. Watafiti wakaja kuwashuku vijidudu wanaoishi juu ya chuma hicho. Jambo hilo halikugunduliwa kwa ramli. Watu walizama wakaangalia.

Jibu jingine lina uzito zaidi. Fedha ni kidogo, mtasema, na Dar es Salaam ndiyo inayobeba sehemu kubwa mno ya shehena, kwa hiyo shilingi iende inakozaa. Ni hoja ya haki, na ingetosha kama bandari hizi mbili zingekuwa na biashara mbili. Wabelgiji, ambao hawakusifika kwa ukarimu, kwa mkataba wao na Waingereza wa mwaka 1921 walijipatia sehemu za bandari kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, na walichukua mahali pawili kwa pamoja: Dar es Salaam na Kigoma. Walikwisha kupiga hesabu kwamba mzigo wa koloni lao la Kongo unaoshushwa baharini bila pa kupakiliwa ziwani ni mzigo uliokwama. Ukweli huo haujabadilika. Umepanda bei tu. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, kwa zaidi ya dola bilioni 2. Treni itafika, Mungu akipenda. Nauliza tu mzigo wake utapita juu ya gati la umri gani, na nani aliyelipima mara ya mwisho.

Wapo pia watakaosema dawa ya ukongwe ni kujenga upya, nao watanionyesha bandari mpya za ziwa hili, Karema na Kabwe. Nawapongeza kwa dhati. Lakini zege la Karema lilianza kuzeeka wakati mkandarasi bado yuko kwenye eneo la ujenzi. Na kuna wa mwisho watakaomsingizia Mungu kwamba ziwa limepanda. Limepanda kweli, mwaka 2021 maji yalivamia mitaa ya ufukweni, Bujumbura ikiwemo. Lakini ziwa hili lilijaa katika miaka ya 1870 mpaka likajifungulia njia kwa mto Lukuga, likashuka kwa mita kadhaa, na katika miaka ya 1960 likapanda tena. Tabia ya karne na nusu haiitwi dharura. Isitoshe, chuma huliwa sana pale maji na hewa vinapokutana, na ziwa linapopanda na kushuka linautembeza mpaka huo juu ya nguzo nzima.

Kwa hiyo, pamoja na debe, naomba kifungu cha matengenezo kisihamishwe kwenda kwingine bila sababu kutangazwa. Naomba pia ripoti ya mzamiaji ichapishwe kila mwaka, ikitaja unene wa chuma uliobaki, ili Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aweze kuikagua kutu kama anavyokagua stakabadhi. Endapo kanuni zinadai kiwango fulani cha fedha ndipo kiongozi ahudhurie, niko tayari kwa maelewano: kusanyeni madebe mia, muyaite Mpango Kabambe wa Ulainishaji, na hotuba isomwe. Sharti langu ni kwamba baada ya hotuba madebe yafunguliwe.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa, na katika kulizuia lisioze,
Mlipa kodi

Nakala: Jalada (tafadhali lisihifadhiwe chini ya paa linalovuja).