Mtalii Mwenye Boksi la Vifaranga

Sisi watu wa Holili tunaijua Moshi kwa shida zetu. Mwulize mtu wa hapa mpakani na Kenya Moshi ni mji gani, atakuelekeza benki, hospitali ya KCMC, mahakama, maduka ya vipuri na stendi ya kurudia nyumbani. Akishataja hayo, mji umekwisha. Kwamba kuna watu wanaolipa nauli ya ndege kutoka Ulaya, wakafika Moshi na kusimama juani kukodolea macho paa la duka, hilo tunalihesabu kama ugonjwa wa wenye fedha.

Mimi ni wakala wa mizigo. Kazi yangu kubwa ni kusubiri: nasubiri lori, nasubiri muhuri, nasubiri mtandao urudi. Katika kusubiri huko nimesoma habari nyingi ambazo hazijawahi kunisaidia kuvusha hata gunia moja la vitunguu. Mojawapo ni kwamba Moshi tunayoiona leo ni mji uliozaliwa na reli ya Wajerumani. Basi siku moja mizigo ilipokauka, nikaamua kwenda kuutalii, mwenyewe, bila mwongozaji, na kofia yangu kichwani.

Holili safari haina siri. Nilimwambia mke wangu usiku. Alfajiri mama jirani yuko mlangoni, kanga begani.

"Shemeji, nasikia unakwenda Moshi."

"Nakwenda kutembea tu, shem. Kuangalia majengo ya zamani."

Akaniangalia, kisha akamgeukia mke wangu kwa macho ya kumpa pole. "Kwa kuwa huna kazi, basi nichukulie vifaranga wangu. Nimeshawalipia kwa simu. Ni boksi tu, hata mtoto anabeba."

Nyuma yake alisimama fundi wa mashine ya kusaga na mkanda uliokatika, anataka wa saizi ile ile. Nyuma ya fundi, mama mkubwa wa mke wangu na kipande cha kitenge cha sare ya kipaimara, anataka mita nne zisizopishana rangi hata kidogo. Nilitoka nyumbani mtalii. Nilifika kituoni karani.

Kituoni gari lilikuwa linasubiri lijae. Nikawakumbuka Wajerumani na reli yao: walianza kuitandika Tanga mwaka 1893, wakafika Moshi mwaka 1911. Miaka 18 kwa kilomita 350 na ushei. Zamani nilikuwa nawaona wazembe. Baada ya kukaa kwenye lile gari nikimsubiri abiria wa mwisho, ambaye konda alituapia kwamba anamalizia kufunga mlango wa nyumba yake, nimewasamehe Wajerumani wote.

Nilikaa upande wa kulia ili niuone mlima Kilimanjaro. Mlima ulijifunika mawingu, kama unavyofanya kila ukisikia kuna mgeni. Nikajifariji kwa kumsimulia jirani yangu wa kiti, mama mwenye ndoo ya nyanya, ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mlima huu mjukuu wake wa Ujerumani, na ndiyo sababu mpaka wetu unaupinda. Nikamweleza kwamba hadithi hiyo si kweli: mpaka ulichorwa mezani kwa makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, bila zawadi yoyote. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Sasa huyo bibi," akauliza, "ndiye aliyeweka ushuru wa nyanya?"

Nikamwambia hapana. Akaona basi hana habari naye, akalala hadi Kiboriloni.

Mpango wangu ulikuwa vifaranga wawe wa mwisho, saa kumi jioni, nikiwa njiani kurudi. Nilipopiga simu dukani nikajibiwa kwamba wa leo wanachukuliwa kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo duka halihusiki. Ndiyo maana ziara yangu yote ya mji wa kihistoria niliifanya na boksi la vifaranga 50, wenye umri wa siku moja, na kila mmoja ana la kusema.

Nilianza na mitaa ya katikati, kule Mawenzi, kwenye maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi: baraza mbele, nguzo, madirisha ya mbao ghorofani. Ni mitaa ya kutembea taratibu. Vijana wanaosaka watalii, ambao wangemrukia Mzungu kutoka ng'ambo ya barabara, waliniangalia mimi na kofia yangu, wakaangalia boksi, wakaendelea kuongea. Nilisimama mbele ya duka moja, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikainua shingo. Mwenye duka akatoka.

"Kaka, haiuzwi."

"Sijaja kununua, mzee. Naangalia tu."

"Na yule aliyekutuma, mwambie haiuzwi."

Duka la pili niliulizwa kama nimetoka halmashauri kwa habari ya kodi ya jengo. La tatu mama mmoja, bila kuniuliza lolote, alianza kurudisha ndani meza aliyokuwa ameitoa hadi njia ya waenda kwa miguu. Mwafrika anayetazama ukuta Tanzania hii ni dalali, ni mthaminishaji au ni dalali wa mahakama. Kazi ya nne haipo. Si bure watu wanaandika ukutani kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI; wanatukinga sisi watalii wa ndani na usumbufu wa kuuliza.

Nikaona bora nikae mahali nipate kahawa. Kahawa Kilimanjaro ni siasa tangu mwanzo. Iliingia na wamisionari Wakatoliki kule Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wachaga walipoanza kuilima kwa bidii, walowezi wakalalamika kwamba mwenyeji akiwa na shamba lake nani atafanya kibarua kwao. Wakulima wakajibu kwa kuunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, mojawapo ya vyama vya ushirika vya kwanza kabisa katika Afrika. Jengo lake liko pale katikati ya mji, na nililitazama kwa heshima yote, kwa sababu pale mbele hakuna aliyeniambia haliuzwi.

Katika mgahawa mmoja ambao sitautaja niliagiza kikombe. Bei yake ingenipatia Holili sahani ya ndizi nyama na chenji ya nauli. Wakulima walipigana na walowezi ili wauze kahawa wenyewe, na nionavyo mimi walishinda kiasi kwamba wajukuu wao hatuwezi kuinunua. Vifaranga niliwaweka chini ya meza. Meza ya pili alikaa dada wa Kizungu mwenye kamera ndefu. Aliposikia sauti akainama, akatabasamu, akaomba ruhusa. Aliwapiga picha vifaranga, akanipiga mimi na kofia, akampiga mhudumu akicheka. Jengo hakulipiga. Nimetoka Holili kutalii, nimeishia kutaliiwa.

Sasa, Moshi ni mji unaosifika kwa usafi Tanzania nzima, na wenyeji wake wanajua habari za faini kuliko watoto wanavyojua jedwali. Nilipofika karibu na mnara wa saa nikahisi boksi limekuwa jepesi upande mmoja. Vifaranga, kwa shughuli zao za asubuhi nzima, walikuwa wameloweka kitako cha boksi, nacho kikaachia.

Nimeona malori yakipinduka mpakani, lakini sijaona mzigo uliotawanyika kwa furaha kiasi kile. Wengine walikwenda kwenye maua ya mzunguko. Wengine waliingia chini ya bajaji iliyoegeshwa. Trafiki aliinua mkono, magari yakasimama, na kwa muda mfupi barabara kuu za Moshi ziliendeshwa kwa ajili ya kuku wa mama jirani. Watu walijitokeza: wauza magazeti, wanafunzi, mama muuza parachichi aliyewakusanyia kwenye beseni lake, na mzee mmoja wa suti aliyemnyata kifaranga mmoja kwa hatua za mtu anayekwenda kukomunika. Mtu akaleta boksi la sabuni. Tukahesabu. Waliopotea kwa risiti ni 50. Waliorudi ni 52.

Nilisimama pale nikitangaza, kwa sauti, kama kuna aliyepoteza vifaranga wawili. Watu wakanipisha kama wanavyompisha mgonjwa. Ni yule mama wa parachichi aliyenivuta pembeni: "Baba, duka huwa linaongeza wawili kwa ajili ya watakaokufa. Nenda zako." Nikanunua parachichi zake mbili kwa shukrani, nikaenda zangu nikiangalia nyuma kama kuna mtu wa faini.

Stesheni nilifika nikiwa nimechoka. Reli ya Tanga ilikomea hapa hadi Waingereza walipoisogeza Arusha mwaka 1929. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hao hao Waingereza walikuja kutoka upande wetu: wakatandika reli yao kutoka Voi, ikapita Taveta, ikaenda kuungana na ya Wajerumani Kahe. Majeshi yao chini ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi Machi 1916, muda mfupi tu baada ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata, ambavyo sisi tunaviona kila siku tukichota maji. Treni za abiria zilisimama miaka ya 1990, zikarejea Desemba 2019. Haya yote nilitaka kumweleza mlinzi, mtu mpole, aliyenipokea getini.

"Leo hakuna treni, mzee."

"Najua. Nimekuja kuiona stesheni."

Alifikiri. Akaliangalia boksi. "Vifaranga wanakwenda Dar?"

"Hapana, Holili."

"Holili hakuna reli."

Nikamshukuru, nikapiga picha moja nikiwa nje, nikaondoka kabla hajaniitia mkubwa wake kunisaidia.

Ilibaki Old Moshi. Mji huu una kichekesho chake: Moshi ya bondeni ndiyo mpya, ya zamani iko juu kwenye migomba, kulikokuwa na boma la Wajerumani na kabla yao ufalme wa Mangi Rindi. Reli haikuweza kupanda, kwa hiyo mji ukashuka kuifuata. Nikarudi Kiboriloni, nikapanda gari la kwenda juu, vifaranga mapajani. Baridi ilipoanza wakanyamaza, nikapata hofu; nikavua koti nikawafunika. Nilifika Tsudunyi nikitetemeka, na kofia.

Hapo Machi 2, 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mwana wa Rindi, pamoja na viongozi wengine wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha, 19 kwa jumla. Meli si mtu waliyemkuta amelala. Mwaka 1892 jeshi lake liliwapiga Wajerumani na kamanda wao, von Bülow, akafa. Mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa zaidi chini ya kamanda mwingine, von Schele, ndipo wakamshinda. Baada ya kunyongwa, wenyeji wanasema, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Sanamu yake ilizinduliwa hapo mwaka 2019. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vililitambua fuvu moja lililokuwa Berlin kuwa la Akida, mshauri wake Meli. La Meli mwenyewe familia bado inalitafuta.

Mzee mmoja wa jirani alinikuta nimesimama. Nikajiandaa kusema sinunui shamba.

"Umetoka wizarani?"

"Hapana, mzee wangu. Nimetoka Holili. Nimekuja kuona tu."

Alinitazama kwa muda. Wanaokuja pale, akaniambia, ni wa wizara, waandishi wa habari na Wajerumani wenyewe. Mtu wa Holili hajamwona. Kisha akasikia boksi. Sikuulizwa zaidi. Akaleta maji kwenye kifuniko cha ndoo na pumba kidogo, akachuchumaa kuwanywesha vifaranga mmoja mmoja, midomo akiichovya kwa kidole, huku akinionyesha kwa kidevu wapi palikuwa na boma na njia gani Meli aliletwa nayo. Ndiye mwongozaji pekee niliyempata siku ile, na sikumlipa, alikataa. Alinipa mkungu wa ndizi niupeleke nyumbani.

Nilishuka na boksi, mkungu, mkanda wa mashine na kitenge ambacho mama mkubwa alipokiona kwa taa ya usiku alisema kimepishana rangi. Mama jirani alihesabu vifaranga mbele yangu, wote 52, akanishukuru, akauliza tena naenda lini.

Ukitaka kwenda nawe, nenda; Moshi inastahili siku yako nzima. Tenga nusu yake kwa Old Moshi, ambako watu wengi hawafiki. Shuka Kiboriloni, hapo panda gari la juu, uliza Tsudunyi, na uvae viatu vya kushika ardhi, maana mvua ikinyesha udongo ule unamwangusha mtalii na mwenyeji vile vile. Chukua koti. Na majirani wakikuuliza safari ya wapi, sema unakwenda Dodoma kwenye kesi.