Sifa za Hitilafu ya Cheche

Miongoni mwa mambo yanayodharauliwa bila haki jijini Nairobi, hitilafu ya cheche kwenye pikipiki kuukuu ndiyo inayoonewa zaidi, kwani waendeshaji bodaboda wa Muthangari huilaani kila siku, ilhali hakuna mwalimu aliyefundisha wengi kama yeye bila kudai karo. Shule yake ilipanuka hasa baada ya mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo, na leo kila steji ina darasa lake.

Nasaba yake ni tukufu. Cheche ni umeme unaoruka kati ya ncha mbili za plagi ili kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda, na chanzo chake ni kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, kwamba usumaku unaobadilika huzaa umeme kwenye waya. Kwa kanuni hiyo, koili, yaani nyaya mbili zilizozungushiwa chuma kimoja, hupandisha volti chache hadi maelfu mengi.

Huruma yake haina kifani. Wakati wa masika, maji yakipenya kwenye kofia ya plagi na umeme ukavujia kwenye bodi, injini huzimika, mwendeshaji akaepushwa na utelezi wa Barabara ya James Gichuru, naye abiria akajaliwa mazoezi ya miguu ambayo jirani zake wa Lavington huyalipia kila mwezi.

Uadilifu wake unazidi hata huruma hiyo, kwa kuwa haipokei kitu kidogo wala haijali cheo, bali huridhishwa na utaratibu peke yake. Anayeitafuta sharti aanze na swichi ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani, kisha afungue plagi na kuisoma: rangi ya kahawia ni dalili ya afya, weupe ni dalili ya joto la kupita kiasi, na masizi meusi huonyesha petroli iliyozidi, jambo lisiloshangaza Nairobi, ambako mwinuko wa takriban mita 1,700 hufanya hewa kuwa nyepesi, hivyo kabureta iliyopimwa Mombasa humwaga petroli kupita haja. Baadaye plagi hurudishwa kwenye kofia yake, ikagusishwa kwenye chuma cha injini mbali na petroli, na kiki ikapigwa. Cheche ya buluu yenye nguvu huelekeza lawama kwingine. Ikiwa hafifu au haipo, hujaribiwa plagi mpya, halafu kofia, waya na koili, na mwisho pointi, yaani vidole vya chuma vinavyokata umeme kwa zamu, au sidiai, kisanduku kilichorithi kazi hiyo.

Unyenyekevu nao haukosekani, maana koili iliyochoka hukata umeme ikipata moto na kuurudisha ikipoa, hivyo pikipiki iliyosukumwa hadi kwa fundi huwaka kwa kiki ya kwanza, hitilafu ikiwa imejificha ili isisifiwe.

Wanaoshangilia pikipiki za umeme, zisizo na plagi wala kabureta, na wafikirie ni nani atakayewafunza vijana wa steji kutonunua koili mpya kabla ya kuikagua swichi.