Gari Lisilotaka Mseto

Sisi wa Busia tunaishi kwa kuchanganya. Mfuko mmoja una shilingi za nchi mbili, simu moja ina laini mbili, na salamu huanza kwa Kisamia, ikapitia Kiteso, ikatua kwa Kiswahili. Mimi mwenyewe nimeoa Tororo, kwa Wapadhola. Hata bodaboda, ambayo leo Afrika Mashariki nzima inajidai ni yake, ilizaliwa mpakani hapa enzi za baiskeli, na zile baiskeli zilivaa tairi la mbele la ukoo huu na la nyuma la ukoo ule, zikavusha watu na magunia bila kununa.

Busia nzima, kiumbe kinachokataa mseto ni kimoja tu: gari langu.

Ni Subaru Forester ya 2005, otomatiki, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne. Niliinunua kwa ajili ya mvua na njia ya kwa wakwe. Hakuna aliyeniambia kwamba miguu minne inayofanya kazi ni midomo minne ya kulishwa.

Mwezi jana matairi mawili yaliota kipara. Mwenye akili hununua mawili. Nikanunua mawili, saizi 215/60R16, bado yana vile vinyweleo vya mpira. Sasa yakae wapi?

"Mbele, mzee," fundi wa upande wa Kenya akasema. "Injini iko mbele, usukani uko mbele, na wewe mwenyewe unakaa mbele." Hoja ilikuwa nzito. Yakafungwa mbele.

Jumapili nikavuka. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe mwaka 2018, nchi mbili zinakugongea mihuri chini ya paa moja, kwa hiyo nilifika Tororo moyo ukiwa mweupe na ule mwamba ukinikaribisha kwa mbali. Shemeji hakuuliza hata habari za dada yake. Aliinama kwenye magurudumu.

"Shemeji, unataka dada yangu abaki mjane? Mapya yanakaa nyuma. Mvua ikinyesha, nyuma ikateleza, utajikuta unatazama ulikotoka."

Jeki ikaletwa, yakahamia nyuma. Chai yangu ikapoa.

Niliporudi, gari lilikuwa limenuna. Kwenye barabara iliyonyooka halina neno, lakini nikikata kona kali kuegesha, linarukaruka kama mbuzi anayeburutwa sokoni.

Nikalipeleka kwa mzee mmoja wa gereji asiyependa maneno. Alitoa chaki. Akachora mstari kwenye tairi jipya la nyuma na mwingine kwenye kuukuu la mbele, yote miwili ikigusa ardhi. Akaniambia nisukume. Alihesabu mizunguko ya tairi jipya: moja, mbili, mpaka kumi. "Simama." Mstari wa jipya ulikuwa umerudi chini palepale. Wa kuukuu ulishapita, unapanda. Akapima kwa mkono: shibiri moja na nusu.

"Jipya lina meno ya milimita 8, hili limebaki na 3. Duara dogo huzunguka zaidi. Kila kilomita linapiga mizunguko saba ya ziada."

Nikapiga hesabu: Busia hadi Tororo, zaidi ya mizunguko 200. Ndani ya giaboksi, akasema, kuna klachi inayounganisha mbele na nyuma. Wasiolingana inawalazimisha waende sawa, inasuguka, inapata moto, mwisho inaungua.

"Kwa hiyo niyaweke mbele au nyuma?"

"Uyaongezee ndugu zake wawili."

Hayo ndiyo yaliyonifika. Viatu nilivyovaa vina mwaka wa nne na soli moja inacheka. Gari limepata vipya vinne.

Wiki hii, njiani kwenda Tororo, pancha ya nyuma. Nikafungua buti, nikakutana na mtu niliyemsahau: speya, tairi la tano, jembamba, limezeeka bila kufanya kazi hata siku moja. Nikampigia mzee simu. Akaniambia nilifunge, kisha nifungue boneti, nitafute kitundu cha fyuzi kilichoandikwa FWD, nichomeke fyuzi, na gari litasahau miguu ya nyuma mpaka pancha izibwe.

Nikafanya hivyo. Taa ndogo ikawaka kwenye dashibodi, nikaenda polepole, gari la miguu minne likivuta kwa miwili.

Nilipoingia uani, shemeji alikwishainama.

"Dada yako hajambo," nikamwambia.