Antijeli ya Mudzipela

Baba mdogo anaishi Montreal. Kila Novemba, kabla hajauliza nani kaolewa na nani kafiwa, huuliza kama gari lake lina antijeli. Gari lenyewe aliliacha kwetu Mudzipela, hapa Bunia, chini ya mwembe, na walinzi wake ni kuku.

Tusimcheke sana. Huko kwake Januari baridi huweza kupita nyuzi 20 chini ya sifuri. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na injini iliyolala nje na maji matupu tumboni hupasuka. Ndiyo maana huchanganya antijeli na maji nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo huvumilia hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Lakini Bunia, hatua chache tu kutoka ikweta! Hapa usiku ukishuka kwenye nyuzi 15, watu huvaa makoti na kugombana nani kaacha mlango wazi. Barafu ya karibu iko kileleni Ruwenzori, na hata hiyo inazidi kuyeyuka.

Dola za antijeli zilipofika, shangazi alizihesabu, akauliza, "Barafu itatoka wapi?" kisha akaenda kununua samaki wa Kasenyi. Tulikula antijeli hiyo kwa ndimu na pilipili. Sijawahi kuonja nyingine iliyokolea hivyo.

Shida ilikuja baba mdogo alipotaka picha. Antijeli anayoijua yeye ni ya kijani. Binamu yangu, kijana mwenye akili nyingi zisizo na breki, akakoroga sharubati ya minti. Na kwa kuwa hapendi uongo, akaimimina kweli ndani ya rejeta ndipo akapiga picha. Kutoka Montreal likarudi dole gumba.

Kisha ikaja harusi ya Kasenyi. Kuteremka ziwani hakuna gari lisiloweza. Kupanda kurudi Bogoro, tumejazana na masufuria juu ya mapaja, moshi mweupe ukatoka mbele na harufu ya peremende ikatanda. Watoto wakashangilia. Mzee mmoja akauliza kama keki imebaki.

Fundi aliyeitwa alikataa kugusa kifuniko hadi injini ipoe. Mvuke wa rejeta, alisema, hauna adabu. Alipofungua, akachovya kijiti, akakinusa. "Mama, nani kapika jamu humu?"

Shangazi akatazama ziwa.

Fundi akatusomesha pale pale barabarani. Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya bahari, na maji matupu kwenye chombo cha wazi huchemka huko kwa nyuzi 96 hivi, hayangoji 100. Antijeli huchelewesha kuchemka, tena ina dawa za kuzuia kutu, na gari linalokaa bila kazi chini ya mwembe linazihitaji kuliko la teksi. Akaonya pia kwamba nyingi ni tamu na ni sumu, zisikaribie watoto wala mbwa. Kumbe baba mdogo alikuwa na haki, ila kwa sababu ambazo hata yeye hajawahi kuzitaja.

Rejeta imesafishwa, antijeli halisi imo. Sasa kapiga tena: Quebec sheria inadai matairi ya theluji kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi, kwa hiyo ametutumia manne kwa kontena. Shangazi ameshapita sokoni kuuliza bei.