Mhadhara Mkuu wa Elimu ya Sura Changa

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye bado yuko njiani. Wazee wa meza kuu. Ndugu wanafunzi wa kozi fupi ya kupiga picha za watoto na vijana: nawasalimu kwa jina la mwanga.

Mmesikia nikitambulishwa kuwa profesa. Mjini hapa kuna wivu mwingi juu ya cheo hicho, watu wanauliza kimetoka chuo gani. Sikukitafuta. Nilikwenda kuchapisha kadi za biashara, mchapaji akaniambia mbele ya jina langu pamebaki nafasi, na mimi si mtu wa kuacha nafasi ipotee. Tuendelee na elimu.

Fani hii ina ukoo. Julia Margaret Cameron, Mwingereza aliyezaliwa Calcutta, alizawadiwa kamera na binti yake na mkwewe mwaka 1863 akiwa na miaka 48. Akavisha watoto mbawa za malaika, akawaweka mbele ya lenzi, picha zikatoka na ukungu. Wakosoaji wakambeza. Leo picha hizo zinatunzwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Kwa hiyo mteja anayekuja studio kwangu kulalamika kwamba uso wa mwanawe hauonekani sawasawa, huyo hajasoma historia. Namketisha, namsomesha taratibu, na tukifika 1879, mwaka aliofariki mama yetu huyo, mteja mwenyewe huwa ameshasahau habari ya kurudishiwa pesa.

Zama hizo picha moja ilichukua sekunde nyingi, na mtoto hatulii sekunde nyingi. Wapiga picha wa Ulaya na Marekani walifanyaje? Walimfunika mama shuka gubigubi, wakamkalisha kama kiti, wakamweka mtoto juu yake. Picha hizo zipo hadi leo: mtoto ametulia, nyuma yake kuna fanicha yenye magoti. Msicheke. Nanyi mtafanya hivyohivyo siku mtakapoletewa mtoto wa miezi mitatu anayetaka picha ya pasipoti, maana kanuni zinataka uso utazame mbele, mdomo ufungwe, na mkono wa mtu mwingine usionekane. Mtoto hana habari na kanuni. Mlaze juu ya shuka jeupe, mpige kutoka juu, kivuli chako kisimwangukie, kisha subiri. Kusubiri ndiko kunakochosha, ndiyo maana mimi hulipisha zaidi.

Sasa tuje kwa mtoto mchanga hasa. Wataalamu wa nje wanasema mpige katika wiki mbili za kwanza, wakati bado analala fofofo na kujikunja kama alivyokuwa tumboni. Wanasema pia chumba kipashwe joto hadi kama nyuzi 27, na inunuliwe mashine ya kupashia. Ndugu zangu, Dar es Salaam mwezi Januari inafanya kazi hiyo bure, na nyuzi za ziada inakuongezea. Tatizo letu si joto. Tatizo letu ni bibi. Katika nyumba nyingi mtoto hatoki nje mpaka arobaini, maana yake wiki zile mbili za dhahabu anazimaliza chumbani, chini ya ulinzi wa mtu ambaye haogopi maprofesa. Basi nenda wewe nyumbani. Piga hodi. Nawa mikono. Zima feni. Ukiambiwa usubiri mtoto anyonye, subiri. Ukiambiwa usimsifie mtoto kwa sauti, usimsifie; sema ana sura ya kawaida, na bibi atakupenda.

Dirisha moja linatosha. Mlaze mtoto ubavuni mwa dirisha, kichwa kielekee kwenye mwanga, ili mwanga umshukie kutoka kwenye paji la uso kuja kidevuni. Ukimmulika kutoka miguuni, kivuli kitapanda juu ya pua, na mtoto wa siku tisa atatoka na sura ya jini wa filamu. Mimi nilinunua taa nne za kisasa. Ziko ndani ya maboksi yake, mnaweza kupita kuziangalia baada ya kipindi.

Kuna wajomba. Katika kila kazi ya mtoto mchanga hutokea mjomba mmoja akasimama mita mbili nyuma yako, akatikisa funguo, akapiga mluzi, akamwambia mtoto acheke. Mtoto wa umri huo huona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, yaani uso wa anayemnyonyesha. Mjomba, kwake, ni hali ya hewa. Na tabasamu la kumjibu mtu huanza kwenye wiki ya sita hivi. La kabla ya hapo linakuja lenyewe usingizini, halimhusu mjomba wala kamera. Hata hivyo likija, bonyeza. Nalitoza kama tabasamu kamili.

Hapa naomba kalamu zote ziandike. Mmeiona ile picha ya kichanga aliyeegemeza kidevu juu ya viganja vyake viwili, amelala kama mwanafalsafa. Hakuna kichanga anayefanya hivyo. Hizo ni picha mbili: katika moja msaidizi amekishika kichwa, katika nyingine ameishika mikono, kisha kompyuta ikafuta vidole vya msaidizi na kuziunganisha. Atakayejaribu kumpanga mtoto hivyo bila mikono ya mtu mzima nitamfukuza kwenye kozi, na ada sirudishi. Shingo ya mtoto mchanga haina utani.

Halafu kuna habari ya shali jeupe, ambayo vitabu vingi vya kamera huipita haraka. Kamera huamini kwamba dunia nzima ina rangi ya kijivu cha wastani. Ukimvika mtoto wetu mweusi shali jeupe, inauona weupe mwingi, inaogopa, inapunguza mwanga, na uso uliotumwa kuupiga unageuka kivuli chenye macho. Ongeza mwanga, hatua moja nzima. Pima mwanga usoni, si kwenye nguo. Usije ukamwambia mama kwamba mtoto ni mweusi mno. Mtoto yuko sawa, aliyekosea ni aliyeshika kamera. Hili nalisema kwa ujumla, halimlengi mtu yeyote aliyeko mezani hapa mbele.

Mtoto akianza kutambaa, falsafa yote inaanguka. Lala chini kifudifudi, lenzi iwe usawa wa macho yake, kasi ya shata isishuke chini ya 1/250. Mimi silali chini kwa sababu ya suti. Msifungue lenzi hadi f/1.8 kwa ajili ya kujionyesha: jicho moja litatoka wazi, la pili limo ukunguni, na sikio limebaki tetesi.

Vijana nitawasema kwa kifupi, kwa kuwa hawasikilizi. Malick Sidibé aliwapiga picha vijana wa Bamako miaka ya sitini wakicheza muziki usiku, na mwaka 2007 maonyesho ya sanaa ya Venice yakampa tuzo ya Simba wa Dhahabu. Hakuwapanga sana, aliwafuata walipofurahia. Samuel Fosso alifungua studio Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Fremu zilizobaki mwishoni mwa mkanda, badala ya kuzitupa, alizitumia kujipiga mwenyewe usiku akiwa amevaa anavyotaka, na picha nyingine akamtumia bibi yake Nigeria. Nawapa siri ambayo isitoke humu: kijana anajua pozi lake kuliko wewe. Kazi yako ni mwanga, na kunyamaza.

Mimi sinyamazi. Tena huwa nawalainisha ngozi kwa kompyuta. Mwaka fulani nilimlainisha binti wa mahafali mpaka mama yake akalipa nusu, akisema aliyemwona kwenye picha ni nusu ya mwanawe. Hesabu yake sijaielewa hadi leo.

Mwisho, sheria. Tangu 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu ni taarifa yake. Lile bango langu la mtoto mnene kwenye beseni nimelishusha, kwa kuwa mtoto mwenyewe sasa yuko kidato cha tatu na amekuja na marafiki zake. Ombeni ruhusa ya mzazi kwa maandishi kabla ya kubandika picha popote, na mtoto akishakuwa na akili zake mwulizeni na yeye.

Mazoezi ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Mwenye kichanga nyumbani asimlete. Tutakwenda sisi, bibi akikubali. Ada inalipwa mlangoni, fedha taslimu, na anayetaka risiti aandike jina lake kwenye daftari na avute subira.