Jinsi ya Kumpenda Uliyetumwa Kumuua: Mwongozo kwa Mwandishi

Kwanza mwondoe muuaji wako Dar es Salaam. Mji ule umeshiba mauaji ya vitabuni tangu Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Mpandishe basi la Songea, umpitishe Mbinga asubuhi ya ukungu wakati Wamatengo wako kwenye kahawa, kisha mteremshe hadi Mbamba Bay, kando ya ziwa. Huko mgeni hafichiki. Kabla hajashusha begi ameulizwa ametoka wapi, mtoto wa nani, na kama amekula. Kufikia mchana, mtu ambaye kazi yake ni kutojulikana anasalimiwa kwa jina na watoto. Kaa hapo, usiharakishe. Kicheko chako kinaanzia hapo.

Sababu ya kumuua windo iwe ndogo na ya kuaminika: shamba la kahawa la urithi, na ndugu wasiotaka kugawana. Windo lenyewe ni mwanamume aliyeteremka ziwani kuwakwepa, sasa anatengeneza mitumbwi. Wakutane mchangani, kati ya chanja za usipa.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Hebu shika huku, mdogo wangu, tuvute.”

Muuaji anashika, kwa sababu amelelewa vizuri. Mikono yote miwili iko kwenye mtumbwi, kisu kiko mfukoni, na jua linazama. Kesho yake anaitwa tena, anakaribishwa ugali na mbasa. Mapenzi yaingie kwa njia hiyo ya kazi na sahani moja. Ukitaka macho yagongane na moyo uruke siku ya kwanza, msomaji hatakuamini.

Kama una shaka kwamba ufukwe huu unaweza kubeba kisa cha namna hiyo, nenda Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake. Agosti 1914, Kapteni Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen aliagizwa kuiangamiza meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann. Nahodha wa meli hiyo ya Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades wa kunywa. Rhoades akaja, akafyatua mzinga, makombora ya kwanza yakaenda ovyo. Inasimuliwa kwamba Berndt, ambaye habari za vita zilikuwa hazijamfikia, alipiga makasia hadi kwenye Gwendolen akifoka, akimuuliza mwenzake kama amelewa. Akatekwa papo hapo. Sisemi walikuwa wapenzi. Nasema windo lililomwendea mwindaji wake kumgombeza kirafiki ni zawadi ambayo mwandishi wa ufukwe huu hapaswi kuiacha.

Sasa sehemu ya giza, nayo huna haja ya kuitunga. Soma Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Kijana wako akikutwa na hatia ya kula njama ya kuua, kifungu cha 215 kinampa kifungo kisichozidi miaka 14. Akikutwa na hatia ya kulala na mwanamume mwenzake, yule aliyekataa kumuua, kifungu cha 154, kilivyokazwa mwaka 1998, kinampa kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika maisha. Kwa hiyo polisi wakigonga mlango wa gesti, jambo la busara kwake ni kuonyesha kisu na kuungama kwamba alikuja kuua. Andika tukio hilo kwa ukamilifu, jasho na kigugumizi vikiwemo. Msomaji atacheka, kisha atahesabu ile miaka mwenyewe. Mimi inaniuma kila ninapoihesabu, na ningependa imuume na yeye.

Watakuja wa kukushauri umuue mmoja mwishoni ili hadithi ipite. Wanuri Kahiu alieleza kwamba bodi ya filamu ya Kenya ilitaka abadilishe mwisho wa filamu yake, Rafiki, mwaka 2018, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Alikataa, filamu ikapigwa marufuku, na mahakama ikaifungulia kwa siku 7 tu. Kataa na wewe. Waache wote wawili hai, na wawe na shughuli: malipo ya awali yameshaliwa kwa mbao za mtumbwi mpya, na ndugu wa Mbinga wanapiga simu wakidai kazi ifanyike au fedha zirudi. Windo ndilo lipokee simu na kuwaomba wavumilie hadi msimu wa usipa.